Naomba ushauri: nisaini na lebo ya muziki au niendelee kujitegemea?

Habari zenu wakuu. Natunga, narekodi na kumiksi mwenyewe chumbani, blanketi zimetundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Nyimbo zinaingia mtandaoni kupitia msambazaji, na master zote (rekodi halisi za nyimbo) ni mali yangu.

Sasa lebo moja kubwa imenitumia mkataba. Ahadi ni tamu: fedha za kuanzia, video, matangazo ya redio. Lakini nikiusoma kwa utulivu, master zinakuwa zao, na fedha za kuanzia pamoja na gharama za video zitakatwa kwenye mrabaha wangu kabla sijaona senti. Wanataka hata sehemu ya shoo na fulana ninazouza mwenyewe. Kinachonitisha zaidi ni kipengele cha albamu: uamuzi wa kuongeza albamu nyingine ni wao peke yao, na albamu wasiyoiridhia haihesabiki kwenye idadi ninayodaiwa. Hapo naona mtu anaweza kufungwa miaka.

Mwaka 2019 master za albamu sita za mwanzo za mwanamuziki wa Marekani Taylor Swift ziliuzwa pamoja na lebo yake ya zamani, akaamua kuzirekodi upya. Yeye aliweza. Msanii mdogo kama mimi ataweza?

Ila nakiri, kazi ya promo peke yangu inanila muda wa kutunga.

Waliowahi kusaini: mnaweza kujadili leseni ya muda, ili master zirudi kwangu baadaye? Na mwanasheria wa hakimiliki nimwendee kabla ya kuwajibu, au baada?