Kikundi chetu cha maigizo kimekua: tukiendesheje?

MamaKatuba: Ndugu zangu, kikundi chetu cha vijana kilianzia uani kwa jirani hapa Katuba, Lubumbashi, na sasa wazazi wa mitaa mingine ya mji, Kenya na Kamalondo, wanatuletea watoto hata walimu wa kujitolea hawatoshi. Tujiandikishe na kutafuta wafadhili, au tubaki wadogo?

MzeeJukwaa: Mama, jiandikisheni, lakini msiwakimbilie wafadhili. Mashirika yasiyo ya faida nchini Kongo huongozwa na sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na Waziri wa Sheria ndiye anayeyapa hadhi ya kisheria, baada ya waziri anayehusika na shughuli zao kuridhia. Mkishaipata, mkataba wa ukumbi utaandikwa kwa jina la shirika, na deni halitamwangukia mtu mmoja.

Kamalondo2: Nakubaliana na Mzee, ila hofu yangu ni mfadhili anayekuja na mada yake, kwa sababu mchezo hugeuka hotuba (tumeona mingi ya namna hiyo). Kuhusu walimu, kumbukeni Kundi la Mufwankolo la hapa Lubumbashi: waigizaji walikubaliana juu ya kisa, kisha wakabuni maneno wenyewe kwa Kiswahili cha mji, bila kukariri maandishi. Kwa njia hiyo hata kijana asiyesoma vizuri hupata nafasi, na waliozoea huweza kuwaongoza wageni.

MamaKatuba: Asanteni. Je, tuwatoze wazazi ada?

MzeeJukwaa: Kidogo, na hesabu isomwe mbele yao kila mwezi.