Hilux ya 22R kuwekewa dizeli: 3L, 5L ama 1KZ? Nisaidieni kabla nikate chuma

mkulima_njoro

Wadau habari za jioni. Niko na Hilux ya 1992, singo kebu, RN106, ile ya 22R petroli ya kabureta, 4x4 ya springi za majani mbele na nyuma. Nimeijenga pole pole, tairi ni inchi 33, bampa ya chuma ilichomelewa hapa Nakuru, winchi iko, snokeli bado. Katikati ya wiki inabeba viazi kutoka Mau Narok, wikendi tunaitoa kuchezea matope, Menengai na huko ndani ndani ya Mau, na mwaka huu tukiwa na maboi tunataka kupandia Kimilili twende Kapsokwony mpaka juu Elgon, na si wakati wa vumbi, tunataka wakati wa mvua yenyewe.

Shida ni petroli. Ikiwa na gunia na hizo tairi kubwa inakunywa vibaya, na ikifika kwa matope napiga rivu juu ndio ipande, nikipunguza inazima. Bodi iko poa, chesisi haina kutu, sitaki kuuza. Nimefikiria niweke dizeli. Fundi wa kwanza ameniambia 3L, wa pili 1KZ ya tabo (ile ya kusukumia injini hewa zaidi), wa tatu anasema aniwekee 1HZ ya Land Cruiser "ndio usisumbuke tena maisha yako yote". Kila mtu ananiambia bei ya injini tu, hakuna anasema itabaki nini ya kununua. Bajeti yangu ni laki tatu na nusu, ikipanda kidogo nitajikaza.

Mwenye amefanya hii kazi aniambie, na kama kuna ile ya NTSA (wale wa kusajili magari) pia niambieni.

fundi_kibuye

Karibu mkubwa. Hiyo ya 1HZ toa kwa akili kabisa. Ni lita 4.2, silinda sita kwa laini moja, ni ndefu na nzito, kwa boneti ya Hilux utakata ukuta wa nyuma ama usukume radieta mpaka kwa grili, halafu uzito wote unakaa mbele na gari ya matope ikishaanza kuzama mbele ndio basi, winchi ndio itakua dereva. Tena nyingi za kutoka Japani ni za volti 24 na Hilux yako ni 12.

Sasa sikia. RN106 yako na LN106 ni ndugu wa tumbo moja, chesisi ile ile, akseli zile zile, tofauti LN106 ilitoka kiwandani na dizeli ya 3L lita 2.8. Kwa hivyo kila kitu yenye utahitaji Toyota walishatengeneza, hakuna kubuni. Tafuta hafukati (nusu ya mbele ya gari iliyokatwa, na injini yake) ya LN106 ama gari iliyogongwa nyuma, usinunue injini imekaa peke yake kwa stendi ikimetameta rangi mpya. Ile injini peke yake ni rahisi, pesa inaisha kwa vitu ndogo ndogo.

Kwanza giaboksi, belhauzingi (ile inashikanisha injini na giaboksi) ya 22R haiingii kwa 3L, chukua injini na giaboksi na transfa (ile inagawa nguvu mbele na nyuma) yake pamoja, halafu pima propela shafti kama urefu umebaki ule ule. Mauntingi za kwa chesisi ni tofauti, toa zile za LN106 na uchomee mahali zilikua, usikubali mtu akuundie na engo aini. Radieta ya dizeli ni nene kuliko yako. Springi za mbele ongeza jani moja ama uweke za dizeli, maana 3L ni nzito. Betri kubwa, kompreshoni (vile injini inabana hewa) ya 3L ni 22 kwa 1 na yako ya petroli ni kama 9 kwa 1, hiyo kabetri yako itageuza injini nusu tu halafu inyamaze. Hita plagi (zile zinapasha silinda moto ndio iwake) angalia na rilei yake, kuna za volti 6 na za volti 11, ukichanganya zinaungua ama hazipashi na asubuhi ya Molo utasukuma gari.

Na kitu watu wengi husahau ni breki. Petroli inavuta vakyumu (ile nguvu ya kufyonza) ya buusta, ile inasaidia mguu kwa breki, kwa manifoldi, dizeli haina hiyo vakyumu, ndio maana alteneta ya dizeli ya Toyota iko na kapampu nyuma yake kanazungushwa na shafti ile ile na kanalainishwa na oili ya injini. Kuna mtu atakwambia alteneta yako ya zamani bado ni nzuri tutaihamisha. Ukikubali, kushuka pale Salgaa na tani ya viazi utakanyaga breki kama unakanyaga ukuta.

Tanki ioshwe kabisa, petroli kidogo ikibaki inapunguza ulaini wa dizeli na pampu inategemea hiyo dizeli kujilainisha. Weka laini ya kurudisha mafuta, weka filta yenye kikombe cha kutoa maji. Geji yako ya rivu itakufa pia, ilikua inasoma kutoka koili na dizeli haina koili.

elgon_mudu

Fundi ameongea vizuri lakini mimi niko Kapsokwony na nitakataa kwa jambo moja. 3L haina tabo. Nakuru penyewe ni kama mita 1,850 juu ya bahari, Timboroa ni kama 2,700, na huku kwetu barabara za msitu zinapanda kupita hapo. Hewa inapungua na injini bila tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita elfu moja. 3L ikiwa mpya kiwandani ni farasi kama 90, sasa ipeleke mita 2,700 uone imebaki na ngapi, halafu weka tairi 33 na matope nyekundu ya huku ikishika hadi kwa chesisi. Utapanda ndio, lakini gia ya kwanza lo, na magari ya watu yamekungoja huko juu wakinywa chai.

1KZ-TE ni lita 3.0 na tabo, nguvu ya kuvuta inakaribia Nm 300, 3L ni kama 190. Hiyo si tofauti ya kuongea ongea. Na ziko kibao, Surf na Prado zimejaa. Weka 1KZ mara moja umalizane nayo.

fundi_kibuye

@elgon_mudu sikatai nguvu. Nakataa vile hiyo injini inavumilia. 1KZ ikichemsha mara moja tu vizuri, hedi inapasuka, kila fundi wa Toyota anajua hiyo hadithi, na hedi ya alumini ya kununua si pesa ya mchezo. Gari ya matope ndio inachemsha haraka kuliko zote juu radieta inajaa udongo na unatembea pole pole hakuna upepo. Tena TE maana yake pampu inasimamiwa na kompyuta, kuna sensa, kuna waringi, waya moja ikilowa maji katikati ya mto unabaki hapo. 3L ukishaipatia waya moja ya kufungua mafuta kwa pampu inanguruma mpaka uikatie. Unajua ni nani atakutengenezea kompyuta ya 1KZ Kapsokwony saa mbili usiku? Mimi sijui.

Kama ni lazima iwe 1KZ basi radieta mpya si ya mtumba, geji ya temprecha ya kweli si ile ya dashi ambayo inakaa katikati mpaka injini ife, na taimingi belti ibadilishwe kabla hata haijaingia kwa gari, usiamini mtu akikwambia ilibadilishwa Japani. Sumpu (bakuli la oili chini ya injini) pia, ile ya Surf ilitengenezewa gari ya mbele isiyo na akseli nzima, yako iko na akseli nzima inapanda na kushuka, weka injini na vipande vya mbao kwanza, sukuma akseli mpaka juu kabisa na jeki, uone kama inagonga, ndio uchomee.

elgon_mudu

Hapo kwa geji nakubali mia kwa mia. Kwa kompyuta pia sitabishana sana. Lakini kwa mlima bado nasimama na tabo.

timboroa_loli

Na nyinyi nyote mnamtumia mtu pesa yake. Mkulima, uza hiyo petroli, ongeza hizo laki tatu na nusu, nunua LN106 nzima yenye ilitoka dizeli. Logbuku (kitabu cha umiliki wa gari) iko sawa, waya iko sawa, hamisha bampa na winchi na tairi kwa siku moja. Hii ya kubadilisha injini watu huanza na laki tatu na wanamaliza wakiwa na gari kwa mawe na hasira.

mkulima_njoro

@timboroa_loli nimefikiria hiyo mkuu, ile shida LN106 yenye chesisi safi hakuna mtu anauza, na zenye zinauzwa zimechomelewa mpaka hujui ni Hilux ama ni mlango wa geti. Yangu najua historia yake, ilikua ya mzee wangu.

nyar_kano

Mimi si fundi lakini nashughulika na makaratasi ya magari hapa Kisumu, wacha niongee hiyo ya NTSA juu naona wote mmeipita.

Logbuku yako iko na namba ya injini, saizi ya injini na aina ya mafuta. Hizo zote tatu zinabadilika. Ukiendesha kabla haijabadilishwa, askari akifungua boneti akute namba tofauti utaeleza ukiwa kituoni, na mbaya zaidi ni bima, siku ya ajali wakigundua gari wanayoilipia ni ya petroli na iliyo barabarani ni dizeli wako na sababu ya kukuzungusha. Kwa hivyo kabla ulipe hata shilingi ya hafukati dai risiti yenye namba ya injini imeandikwa na karatasi za kastomu za ile injini kama ilitoka nje. Hakuna karatasi, hakuna biashara, hata kama bei ni tamu, maana injini ya wizi pia iko na bei tamu. Angalia namba yenyewe kwa bloki na macho yako, kama imekwaruzwa kwaruzwa ondoka.

Halafu unaomba mabadiliko kwa akaunti yako ya NTSA kupitia eCitizen, gari inaenda inspeksheni, ndio logbuku inatoka na namba mpya. Ambia bima pia kwa maandishi. Kama logbuku bado iko kwa jina la mzee wako anza na kuhamisha jina kwanza, usichanganye vitu viwili.

mkulima_njoro

Dada asante sana, hiyo ya jina umenikamata, bado iko kwa jina la mzee. Naanza hapo.

Sasa nimepata hafukati ya LN106 upande wa Lanet, 3L, iko na giaboksi, transfa, radieta, alteneta na kapampu kake, nosi yote mpaka kwa dashi, na jamaa ako na karatasi. @elgon_mudu usinikasirikie, naanza na 3L nione, tabo tutaongea baadaye. Swali ni difu (zile gia za kwa akseli), nibadilishe ama niache za petroli?

fundi_kibuye

Usiguse kabla ujue uko na gani. Inua nyuma pande zote mbili, weka nyutro, weka chaki kwa propela na kwa tairi, zungusha tairi zote mbili pamoja raundi moja kamili ukihesabu propela. Ikizunguka nne na kidogo tu ni 4.1, ikizunguka nne na nusu ni 4.556. Na ya mbele lazima ifanane na ya nyuma, sio kufanana karibu karibu, ifanane.

Na tairi 33, gia ya tano, kilomita 80 kwa saa, ya 4.1 itakupatia rivu kama 1,800 na ya 4.556 kama 2,000. 3L inaanza kuvuta vizuri kutoka 2,000 kuenda mbele, kwa hivyo ukiwa na 4.1 na hizo tairi gia ya tano itakua ya kushuka mlima tu. Kama iko 4.556 acha hivyo hivyo, ndio nzuri kwako. Kama ni 4.1, rahisi kuliko yote ni kurudi tairi 31, lakini najua hutakubali, ni urembo.

mkulima_njoro

Hehe 33 zinabaki. Jumamosi naenda Lanet kuangalia. Nipime nini kabla nitoe pesa? Mtu hapa Nakuru ako na geji ya kompreshoni?

fundi_kibuye

Uwe na geji ya dizeli, ile ya petroli inaishia psi 300 na itapasuka mkononi. Inaingia kwa shimo la hita plagi. Vitabu vitakwambia 3L nzuri ni kama psi 450, lakini hicho kitabu hakikuandikwa Nakuru. Kwa mita 1,850 hewa iko kama asilimia 80 ya ile ya pwani, kwa hivyo injini ingesoma 450 Mombasa itakusomea kama 360 huko Lanet na haina shida yoyote, usiikatae. Angalia zaidi tofauti, silinda moja ikiwa chini ya zingine kwa zaidi ya 70, hiyo acha. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, pumzi kidogo ni sawa, ikipuliza kifuniko kikaruka achana nayo. Na usikubali wakuwashie ikiwa imeshapata moto, shika bloki kwanza na mkono, taka iwe baridi, ndio uone vile inawaka na moshi ya rangi gani.

bahati_lanet

Niko na hiyo geji mkulima, nakaa karibu na hapo. Nitakuja nayo Jumamosi saa tatu, beba betri yenye chaji ya kutosha, hizi za kwa yadi huwa zimekufa.

timboroa_loli

Pigeni picha ya namba ya injini pia mumtumie dada nyar_kano aangalie na hizo karatasi kabla mtu atoe pesa. Na mkikuta 4.1 kwa difu, mimi niko na difu mbili za 4.556, mbele na nyuma, tutaelewana bei.