Naomba ushauri: soul na filamu za mapenzi zisizo na pupa

Ndugu zangu, naomba mnielekeze wasanii wa soul, yaani muziki wa hisia ulioanzishwa na Wamarekani weusi, na filamu za mapenzi za miaka ya karibuni. Kipimo changu katika muziki ni Michael Kiwanuka, Mwingereza mwenye wazazi kutoka Uganda aliyeshinda tuzo ya Mercury, tuzo ya muziki ya Uingereza, mwaka 2020, ambaye katika wimbo wa Cold Little Heart anaziacha ala zitangulie kwa dakika kadhaa kabla hajafungua kinywa. Leon Bridges wa Texas nampenda zaidi katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 2015 kuliko zilizofuata, ingawa najua wengi mtanipinga.

Filamu ndizo zinazonitatiza. Sylvie's Love ya mwaka 2020, inayowakutanisha mpiga saksofoni na binti wa mwenye duka la santuri mtaani Harlem, New York, ilinivutia kwa sababu wapendanao huachwa watazamane bila maneno mengi, ilhali nyingi nilizoziona baadaye humaliza ugomvi kwa hotuba ndefu. Je, ipo nyingine ya namna hiyo, yenye muziki mzuri, ambayo naweza kuitazama pamoja na mama mkwe bila kuona haya?