Tupeane uzoefu: Kupata nafasi ya masters ya ushauri nasaha wa afya ya akili kwenye vyuo vya Kikristo Marekani

Mwanzisha uzi
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na salaam kwa wakuu wote. Wanaoijua njia hii wamwage madini hapa: kinachoangaliwa, kinachokwamisha, na kwa nini. Shuhuda zetu binafsi tuziweke kando, tuandike mambo yenyewe.

Kalamu ya Mwanzi
Kabla ya jina la chuo, soma jina la shahada. Ushauri wa Kibiblia, ushauri wa kichungaji na ushauri nasaha wa kitabibu wa afya ya akili vinaweza kufundishwa kwenye jengo moja, lakini huo wa tatu ndio uliopangwa kumfikisha mtu kwenye leseni ya jimbo. Watu humaliza shahada nzuri kabisa, kisha bodi inawaambia kozi zao hazitoshi. Inauma, maana ingeepukika kwa barua pepe moja.

Seminari ikisema ina ithibati, uliza ya nani. ATS, jumuiya ya vyuo vya theolojia, inathibitisha elimu ya theolojia. Kwa leseni unatafuta CACREP, chombo kinachothibitisha programu za ushauri nasaha. Denver Seminary na Wheaton College zina programu za namna hiyo. Hakikisha kwenye orodha ya CACREP wenyewe, kwa jina la programu na kampasi, kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuwa na programu yenye ithibati na jirani yake isiyo nayo.

Kima cha chini cha CACREP ni krediti 60 za semista. Ndani yake kuna mafunzo ya awali kwa vitendo ya saa 100, ambapo 40 ni za kukaa na wateja ana kwa ana, halafu fildi kubwa ya saa 600, zikiwemo 240 za wateja. Baadhi ya seminari huongeza masomo ya Biblia na theolojia juu ya hizo 60, kwa hiyo piga hesabu ya ada kwa jumla ya krediti, usiangalie bei ya krediti moja tu.

Fundi Saa
Kwenye barua za mapendekezo, mpangilio uliozoeleka ni mwalimu wa chuo, msimamizi wa kazi na mchungaji. Mchungaji akiwa baba yako au shemeji yako, tafuta mzee mwingine wa kanisa, ndugu hawakubaliki. Omba wiki sita kabla, na umpe karatasi moja yenye mambo uliyofanya chini yake. Barua inayosema "anampenda Mungu na ni mwaminifu kwenye kwaya" haisaidii kitu. Kamati inataka kujua ukikosolewa unapokeaje, unatunza siri, ukigombana na mtu unamalizaje.

Fomu itakuuliza kama unaachia haki ya kuzisoma barua hizo. Achia. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma haina uzito. Na kiungo cha kutuma barua huingia kwenye barua taka mara nyingi, mpigie simu mwandishi wako siku hiyohiyo.

Waliosoma nje ya Marekani: transkripti itafanyiwa tathmini ya kozi kwa kozi, na kwa kawaida chuo chako cha zamani ndicho kinachotakiwa kuituma moja kwa moja. Hapo ndipo miezi inapopotea. Anza na hilo kabla hata ya insha. Wastani wa 3.0 kati ya 4 ndio unaotajwa sana, na aliye chini kidogo wakati mwingine hupokelewa kwa masharti.

Taa ya Usiku
Insha ndiyo inayowaangusha wenye matokeo mazuri. Wanaandika ushuhuda wa wokovu kurasa mbili, kisha aya moja ya ushauri nasaha. Chukua sentensi hii: "Nataka kuwaonyesha waliovunjika moyo kuwa Yesu ndiye jibu." Msomaji ni Mkristo, hapingi imani yako. Anachokiona ni mshauri aliyeshika jibu kabla mteja hajafungua mdomo. Sasa linganisha: "Mama aliyefiwa alipokuwa akilia, wenzangu walianza kunukuu mistari; nilikaa karibu naye kimya mpaka alipoanza kumtaja mtoto kwa jina." Imani imo, na uwezo wa kusikiliza unaonekana.

Ukigusia maumivu yako, andika kwa ufupi na uonyeshe umeyashughulikia wapi. Jeraha bichi humfanya mtu amtibu mteja kwa dawa ya nafsi yake, na kamati inalinda wateja.

Usaili mara nyingi huwa wa kikundi. Mnapewa kisa, mnajadiliana, walimu wanatazama. Anayemkatiza mwenzake ili aonekane ana hekima anajiharibia. Tegemea swali la mteja ambaye maisha yake yanapingana na imani yako. Kanuni za maadili za ACA (chama cha washauri nasaha Marekani) za mwaka 2014 zinakataza kumhamishia mteja kwa mshauri mwingine kwa sababu tu ya maadili yako binafsi. Zisome kabla, na uamue kwa dhati kama unaweza kuishi nazo.

Mwanzisha uzi
Asante sana mkuu. Na tamko la imani?

Kalamu ya Mwanzi
Vyuo havilingani. Vingine vinataka kila mwanafunzi asaini, vingine walimu tu. Omba nakala pamoja na kanuni za mwenendo, usome mstari kwa mstari kabla ya kulipa ada ya maombi. Ukisaini usichokiamini, utaishi nacho miaka mitatu.

Mtazamo wa Mbali
Kwa wanaotoka nje: programu ya mtandaoni kikamilifu haikupi I-20 (fomu ya chuo ya kuombea viza), na kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ni kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3, inayohesabika kila semista. Fildi ya nje ya chuo inahitaji idhini ya CPT (ruhusa ya mafunzo kazini ukiwa bado unasoma) kabla ya siku ya kwanza, na vyuo vingi huidai hata kama hulipwi. Ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote, umepoteza OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako baada ya kuhitimu. Saa 600 kwa saa 20 za wiki ni wiki 30, na saa 20 bado ni muda wa nusu, kwa hiyo panga hivyo na msimamizi usimruhusu akuongezee zamu.