YULE MSHAURI WA BAKULI LA PEREMENDE AMENIMALIZA! Krediti 60, zimepokelewa 18!!!

Binti Pangani (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, bado niko kwenye maegesho ya chuo, mikono inatetemeka. Nje ni joto la Texas, lile la kukaanga yai juu ya boneti, lakini linalochemka zaidi ni moyo wangu.

Mnamjua, yule mshauri wa masomo pale chuoni. Jina silitaji maana hakuna haja. Kila Mswahili aliyepita chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, upande huu ameshakaa kwenye kile kiti chake kinachobonyea, akatazamana na zile tai zake za shingoni zenye katuni na lile bakuli.

Asubuhi nimetoka zamu ya masaa kumi na mawili, kazi ya kulea wazee, hata viatu sijavua, naona imeili ya chuo kikuu ninachotaka kuhamia: tathmini ya transkripti, ile orodha ya kozi zangu, iko tayari. Nafungua nimesimama jikoni. Krediti 60 nilizozisotea miaka miwili, yaani vipimo vya kozi nilizomaliza, wamepokea 18. KUMI NA NANE. Hizo 42 zilizobaki wameandika ni za mafunzo ya kazi, hazihesabiki kwenye shahada ya uhasibu.

Sikulala. Nikachapisha karatasi, nikaenda moja kwa moja ofisini kwake, nikamwekea mezani. Akaisoma taratibu kama mtu anayechagua chakula hotelini. Halafu akaniambia, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto aliyeanguka: "Lakini siku ile uliniambia unataka kazi." Akanisogezea bakuli. "Chukua peremende."

PEREMENDE, WAKUU.

Nani hataki kazi? Mtu aliyekesha anabeba boksi, ukimuuliza "unataka kazi?" unategemea aseme hapana? Nilimwambia nataka kazi ya uhasibu. Hakuuliza swali la pili. Akabonyeza kompyuta yake mara tatu, akanitia kwenye AAS, ile digrii ya kazi, akanipa mkono wa hongera. Hakutamka kwamba kuna AA na AS, zile za kuhamia chuo kikuu, miaka miwili ileile, krediti 60 zilezile, ada ileile. Kama nimeingia stendi nikasema nataka kusafiri, akanipakia basi la kwanza lililokuwa linawasha injini.

Na mnajua kilichonichinja? Herufi moja! Namba za kozi zangu za uhasibu zinaanza na ACNT. Zinazohamia zinaanza na ACCT. N badala ya C. Leja ni ileile, mizania ni ileile, mwalimu wangu wa ACNT 1303 ndiye huyohuyo aliyekuwa anafundisha ACCT chumba cha pili, tena nimepata A. Lakini jimbo lina orodha mbili, moja ya kozi za kazi na moja ya kozi za kitaaluma, na orodha hizo hazisalimiani. Hata hesabu nilizosoma ni za kukokotoa riba na punguzo la dukani, kumbe chuo kikuu kinataka MATH 1324, ile kozi ya hesabu ya kitaaluma. Miaka miwili ya maisha yangu imeliwa na herufi N!

Na Pell Grant, ruzuku ya serikali ya kusomea, nimeshakula mihula minne. Ile pesa ina mwisho, mihula 12 kwa maisha yako yote, serikali haikurudishii kwa sababu mtu alibonyeza vibaya.

Ninamlea mzee wa miaka 94 anayenirushia uji usoni kila Jumanne. Sijawahi kudharauliwa kama leo. "Chukua peremende." Bibi yangu angekuwepo angemvalisha lile bakuli kama kofia, na peremende zake ndani.

Semeni, nani mwingine amefanyiwa hivi?

Ngosha wa Houston
Ngoja kwanza. Ni yule mwenye tai ya bata?

Binti Pangani
Huyohuyo. Leo alivaa ya samaki.

Ngosha wa Houston
Basi pole sana dada. Mimi mwaka 2019 nilimwambia nataka uhandisi, akanipeleka kwenye ufundi wa kompyuta. Niliporudi kulalamika alinipa peremende mbili.

Kisu Kikali
Mleta uzi, miaka miwili hukufungua katalogi ya chuo hata siku moja? Imeandikwa humo, AAS si ya kuhamia. Ungekuwa unanunua Camry iliyotumika ungelala chini ya gari kuangalia kama inavuja oili. Krediti 60 umezinunua gizani. Halafu swali muhimu, hiyo peremende ulichukua?

Binti Pangani
SIKUCHUKUA! Na katalogi ile ni nene kama kamusi. Mimi nalala masaa manne kwa siku. Anayelipwa kuisoma ni yeye, ndiyo maana akaitwa mshauri. Amesoma karatasi yangu yote, ameona 42 zimekufa, mkono wake ukaenda kwenye bakuli! Wewe ungefanyaje?

Kisu Kikali
Ningechukua. Angalau utoke na kitu pale.

Fundi Viyoyozi
Naona AAS inatukanwa humu. Mimi ninayo, ya viyoyozi, na sijawahi kujuta. Texas hii mwezi wa nane kiyoyozi kikizima, hakuna mama aliyewahi kuniuliza mlangoni kama krediti zangu zinahamia chuo kikuu. Ananiuliza nimechelewa wapi. Siendi popote na sihitaji kuhama.

Sista Zamu ya Usiku
Hata mimi, AAS ya uuguzi. Nimemaliza, nimefanya mtihani wa leseni, NCLEX, nimekuwa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, nikaanza kulipwa, hospitali ikanilipia sehemu ya BSN, shahada ya uuguzi. Uuguzi umejengewa daraja kutoka miaka miwili kwenda minne, vyuo vikuu vinatutafuta vyenyewe. Dada yangu wa Pangani kaingia njia ambayo daraja lake halijajengwa, na aliyesimama pale mwanzo wa njia hakumwambia. Hilo linauma, msimcheke.

Kisu Kikali
Simcheki yeye, nacheka bakuli.

Msomaji wa Mabango
Dada, hauko peke yako. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilitoa ripoti kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti, kwa makadirio yao. Wewe umepoteza 70, umewapita mbali.

Kwa wanaosoma uzi huu kabla hawajajiandikisha: vyuo vya umma vya Texas vina kozi za msingi, jumla krediti 42. Ukizimaliza zote kwenye chuo cha jamii, chuo kikuu cha umma kinazipokea kwa pamoja, hakichambui. Mleta uzi, wamekukatalia 42, na idadi hiyohiyo, 42, ndiyo ungehama nayo. Sasa hivi kilichobaki kwako ni BAAS, ile shahada inayopokea krediti za AAS. Usiidharau.

Binti Pangani
BAAS naijua, nimeshaambiwa na watu watatu tangu asubuhi. Mimi nataka CPA, ile leseni ya uhasibu. Bodi inayoitoa inahesabu kozi za uhasibu za ngazi ya juu, na ili niingie hizo lazima nianze na ACCT zenyewe. Kwa hiyo narudi kukaa darasani kujifunza leja niliyoipatia A, kwa mwalimu yuleyule, kwa kulipa tena. Naye aliyenipeleka huko kazi yake imeisha, kajaza bakuli upya!

Mkalifonia
Ndiyo maana siku zote nawaambia hamieni huku. Sheria yetu ya SB 1440, tangu 2010, imeleta ADT, digrii ya miaka miwili iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhamia. Ukiimaliza na alama zinazotakiwa unahakikishiwa nafasi kwenye CSU, mfumo wa vyuo vikuu vya California State. Unaingia tovuti ya ASSIST, unachagua chuo ulichopo na chuo unachokwenda, inakuonyesha kozi kwa kozi. Humhitaji mtu wa tai.

Kisu Kikali
Na kodi ya nyumba inakuonyesha chumba kwa chumba?

Mkalifonia
Tunaishi vizuri tu.

Kisu Kikali
Mnaishi watu sita kwenye gereji moja, zamu ya kulala mnapangiana kama walinzi.

Mkalifonia
Gereji yetu ina upepo wa bahari. Yenu ina nini zaidi ya mende wanaoruka?

Mkisii wa Minnesota
Pole dada, lakini kwani sisi wa viza ya mwanafunzi, F-1, tuseme nini? Nyinyi mlishinda bahati nasibu, mna grinikadi, mna Pell. Mimi nalipa ada ya mgeni kwa pesa ya majani chai ya mzee, na sasa anauza kipande cha shamba chenyewe. Na hiyo digrii ya miaka miwili nikimaliza napewa OPT, ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, ya mwaka mmoja, basi. Ile nyongeza ya miezi 24 ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, wanapewa walio na shahada ya miaka minne kwenda juu. Wewe umepoteza herufi, mimi mzee anapoteza ekari. Kila Jumapili ananipigia WhatsApp kuniuliza kama nimeshakuwa injinia. Namwambia mtandao unakatika.

Ngosha wa Houston
Hii ya mzee imenigusa. Fungua uzi wako mwenyewe mkuu, huu umejaa.

Mkisii wa Minnesota
Nikifungua wangu nitalia.

Mama Vitumbua
Wanangu, poleni wote. Nimesoma tangu juu, na kwa kuwa mmetaja uhasibu, na mimi nina langu. Sherehe ya 9 Desemba tulichanga familia zaidi ya arobaini. Mhasibu wa jumuiya mnamjua. Huyo ana shahada kamili ya chuo kikuu, krediti zake zilihama zote bila kukatwa hata moja. Mpaka leo hesabu hajatoa, na pilau liliisha saa mbili usiku watoto hawajala!

Fundi Viyoyozi
Mama, asante kwa kulisema. Mimi nilipata wali mtupu na kipande cha shingo.

Sista Zamu ya Usiku
Wewe ulipata shingo? Mimi nilifika nimetoka zamu, nikakuta watu wanapakia foili za chakula kwenye buti ya gari. Na mliozipakia mpo humu mnasoma.

Binti Pangani
Jamani, nimeitwa tena ofisini kwake, kasema nirudi nisaini fomu ya kubadilisha programu. Kuna mtu anajua kama nikisaini leo napoteza tarehe ya kujiandikisha muhula ujao?

Mkalifonia
Ile foili ya Houston ilifika hadi huku, binamu yangu aliituma picha.

Mama Vitumbua
Picha gani? Iweke hapa.

Binti Pangani
Wakuu, fomu?

Kisu Kikali
Subiri kidogo dada. Mama, hao kuku walinunuliwa wangapi?