Waasi wapigwe au waitwe mezani? Tuichukue M23 kama kipimo

Mwanzisha mada: Wadau, kila Kivu, mashariki mwa Kongo, ikiwaka swali hili linarudi. Msimamo wangu: wapigwe. Kundi la waasi la M23 liliiteka Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, tarehe 20 Novemba 2012, na mazungumzo ya Kampala yaliyofuata yakakokotwa miezi 11 bila kuzaa kitu. Mambo yalibadilika baada ya Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Machi 2013, lililoruhusu kikosi cha mashambulizi cha askari 3,069. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zikatoa vijana, kamanda akawa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Agosti waasi wakasukumwa kutoka vilima vya Kibati juu ya Goma. Tarehe 25 Oktoba jeshi la Kongo likaanza mashambulizi mapya: Kibumba, Kiwanja, Rutshuru, Rumangabo, kisha Bunagana tarehe 30. Walipong'olewa Chanzu na Runyonyi, tarehe 5 Novemba wakatangaza kwamba uasi umekwisha. Siku 12 tu!

Mdau wa pili: Mkuu, hizo siku 12 ni kweli, ila hujasema kwa nini ziliwezekana. Mwaka 2012 Marekani, Uingereza, Ujerumani na Uholanzi zilizuia sehemu ya misaada kwa Rwanda, iliyotuhumiwa kuwasaidia waasi. Machi 2013 M23 wakagawanyika, upande wa kamanda Bosco Ntaganda ukakimbilia Rwanda na yeye akajisalimisha kwenye ubalozi wa Marekani, Kigali. Waliopigwa Oktoba walikuwa upande mmoja tu wa kundi, na njia yao ya nyuma ilikuwa imebanwa.

Sasa tazama 2025. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilipeleka askari wa nchi zile zile tatu, na Goma ikaanguka tarehe 27 Januari. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa askari 3,000 hadi 4,000 wa Rwanda wako upande wa waasi (Kigali inakana). Tangu Aprili 2024 waasi wanashikilia pia Rubaya, mji wa machimbo, ambako kodi ya madini ya koltani iliwaingizia kama dola 800,000 kwa mwezi. Mtu mwenye mapato hayo na mpaka ulio wazi nyuma yake humchoshi kwa mizinga.

Mdau wa tatu: Naomba mnisikilize hapa, maana ndipo watu wanapofia. Jina M23 limetokana na mkataba wa tarehe 23 Machi 2009 kati ya Kinshasa na CNDP, kundi la waasi lililotangulia M23. Waasi waliingizwa jeshini harakaharaka, vikosi vizima vikiwa na makamanda wao, kisha wakagoma kuhamishwa nje ya Kivu. Matokeo yake askari amevaa sare ya taifa, lakini amri anaisubiri kwa mkubwa wake wa msituni. Serikali ilipotaka kuvunja mtandao huo mwaka 2012, wakaasi Aprili.

Utaratibu unaofaa unajulikana. Kwanza bunduki: kila moja iandikwe namba yake siku inapopokelewa. Kisha maofisa watenganishwe na askari wao, na kila anayeingia jeshini apelekwe mkoa wa mbali, peke yake. Mshahara upite benki, usipite mkononi mwa kamanda. Anayetaka kurudi uraiani apate chakula na nauli kabla hajachoka kusubiri.

Baada ya Azimio la Nairobi la Desemba 2013, lililofunga rasmi vita ile ya M23, haya hayakufanyika. Wapiganaji wengi waliachwa kambini Bihanga, Uganda, miaka na miaka. Kamanda wao Sultani Makenga akarudi msituni 2017, na 2021 vita ikaanza upya. Wa makundi mengine waliosalimisha silaha walipelekwa kambi ya Kotakoli, mkoa wa Equateur. Mwaka 2014 ikabainika kuwa zaidi ya watu 100 walikufa humo kwa njaa na maradhi, wakiwemo wanawake na watoto. Habari hiyo ilifika msituni. Nani tena angeteremka na bunduki yake?

Mwanzisha mada: Hilo la Kotakoli nalipokea, linauma. Bado nasema bila kipigo cha 2013 wasingesaini chochote Nairobi. Lakini hebu tazama mazungumzo ya Kinshasa na M23 huko Doha, Qatar: mfumo wa makubaliano wa tarehe 15 Novemba 2025 una itifaki nane, na siku ile mbili tu ndizo zilizokuwa zimeshasainiwa, ya wafungwa na ya kusimamia usitishaji mapigano. Ya wapiganaji ikifika mezani, nani atashika daftari la zile namba za bunduki: Kinshasa, MONUSCO (ujumbe wa Umoja wa Mataifa huko Kongo) au waasi wenyewe?