Mtoto wa German Shepherd, wiki 17, kilo 16.3: atafika ngapi akiwa mkubwa?

MkaziWaTengeru

Wakuu habari za leo, na wakubwa shikamooni.

Nina mtoto wa German Shepherd, dume, anaitwa Jasiri. Nilimchukua Moshi akiwa na wiki 8. Mama yake nilimwona kwa macho, alikuwa kama kilo 28. Baba nilioneshwa picha tu.

Kila Jumamosi asubuhi nampima kabla hajala. Nambeba, napanda naye kwenye mizani, kisha napanda peke yangu na kutoa uzito wangu. Daftari langu linasema hivi: wiki 8 kilo 7.2, wiki 10 kilo 9, wiki 12 kilo 11.1, wiki 14 kilo 13.4, wiki 16 kilo 15.6. Jumamosi hii, wiki ya 17, kilo 16.3. Nilizoea aongeze kilo moja na ushee kwa wiki, safari hii gramu 700 tu, na tangu juzi sina amani.

Jirani yangu anafuga mbwa miaka mingi. Ananiambia mbavu za Jasiri zinahesabika, nimwongezee uji wa maziwa, unga wa mifupa na vidonge vya kalsiamu, la sivyo atadumaa. Kuna hesabu pia nilipewa: uzito gawanya kwa wiki, zidisha kwa 52. Kwa wiki ya 16 napata karibu kilo 51. Mwingine akaniambia uzito wa miezi minne uzidishe mara mbili tu, napata 31. Kati ya 31 na 51 ni mbwa wawili tofauti kabisa! Nishike ipi?

Anakula dona na dagaa mara tatu kwa siku, maini mara mbili kwa wiki. Dawa ya minyoo na chanjo hajakosa. Anacheza kutwa, kuku wa mama anawakusanya kwenye kona ya banda bila kumng'ata hata mmoja.

Baba_Mikumi

Mkuu, hiyo ya kuzidisha kwa 52 iache. Inachukulia kwamba mbwa anakua kwa kasi ileile mpaka mwaka utimie, na hakuna mbwa anayekua hivyo. Hawa wanapanda haraka miezi ya mwanzo, kisha kasi inashuka wiki hadi wiki. Kwa hiyo gramu 700 ulizoziona si ajabu.

Kipimo cha uzao huu kinajulikana: dume kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Kimo cha dume begani ni sentimita 60 hadi 65. Max von Stephanitz alipomsajili Horand, mbwa wa kwanza wa uzao huu, kule Ujerumani mwaka 1899, alikuwa anatafuta mbwa wa kukimbia pembeni mwa kondoo kutwa nzima, na mbwa wa kilo 51 hawezi kazi hiyo. Ukitaka makisio, subiri afike miezi sita. Hapo wengi wanakuwa karibu theluthi mbili za uzito wa utu uzima. Jasiri akiwa na kilo 23 wakati huo, tegemea 34 au 35. Urefu unakaribia kuisha kwenye mwaka mmoja, kifua kinaendelea kujaa hadi miaka miwili na zaidi.

Halafu mizani iweke kwenye sakafu ya saruji, si juu ya zulia. Pima mara tatu.

DadaWaNjiro

Kaka, naomba unisikilize kwa hili la kalsiamu, maana mimi nililifanya.

Jike wangu wa kwanza nilimlisha kama unavyoshauriwa: maziwa, unga wa mifupa, vidonge, bakuli halikauki. Miezi sita alikuwa na kilo 30 na mtaa mzima unamsifia. Miezi tisa akaanza kuinuka kwa taabu asubuhi. Anatanguliza miguu ya mbele, anatulia kidogo, ndipo anavuta ya nyuma, na akikimbia miguu ya nyuma inaruka pamoja kama ya sungura. Picha ya eksirei ikaonyesha nyonga zote mbili hazijakaa vizuri. Ugonjwa huo unarithiwa, najua, lakini unene ule niliuongeza mimi kwa mikono yangu. Aliishi na maumivu hadi mwisho. Nikimkumbuka pale mlangoni akijikaza kunipokea, bado naumia.

Usimnenepeshe.

Mtaalamu_Mifugo

Dada kasema kweli. Mtoto wa mbwa mkubwa, hasa kabla ya miezi sita, mwili wake hauwezi kukataa kalsiamu iliyozidi kama wa mbwa mzima. Inaingia na kuharibu ukuaji wa mifupa. Vidonge hapana, labda daktari aliyemwona aseme. Ila dona na dagaa peke yake mlo haujakamilika. Ukiweza, chakula cha watoto wa mbwa wakubwa kiwe sehemu kubwa ya mlo. Na dona iwe kavu isiyo na ukungu, sumukuvu inaua mbwa.

Kuhusu wembamba: papasa mbavu. Uzihisi bila kukandamiza, kama unavyohisi mifupa mgongoni mwa kiganja chako. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane. Kuna mbwa 48 aina ya labrador waliofuatiliwa Marekani maisha yao yote, matokeo yakatoka 2002: waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuharibika.

Akianza kuchechemea, leo mguu huu kesho ule, usisubiri. Inaweza kuwa maumivu ya mifupa ya ukuaji, inaweza kuwa homa ya kupe.

MkaziWaTengeru

Asanteni sana. Dada, pole kwa mbwa wako.

Nimempima tena jioni hii kwenye saruji ya baraza, mara tatu: 16.5, 16.4, 16.5. Kumbe Jumamosi mizani ilikuwa juu ya mkeka. Mbavu nimezipapasa, nazihisi zote chini ya ngozi laini, kiuno kipo. Unga wa mifupa nimemrudishia jirani kwa heshima. Nitaleta namba akifika wiki 26. Leo sikio la kushoto limesimama, la kulia bado limelala.